Tereza Aliyetoka Nje Kabla ya Meza ya Bwana

Wasikilizaji wapendwa, Jumatatu ya wiki hii kibaraza kimoja cha Buzuruga, nyuma ya stendi, hakikufunguliwa. Saa mbili asubuhi wateja watatu walikuwa wamesimama na vitambaa vyao. Saa tatu wakaja wengine. Cherehani ilikuwa ndani na mlango umefungwa. Fundi Tereza alikuwa amefariki alfajiri, kwa shinikizo la damu. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Tereza, mke wa Chenge, fundi cherehani wa Buzuruga, amefariki Jumatatu.

Kabla ya saa sita mchana nilishasikia maneno ya aina mbili. Stendi walisema mapacha wake wamemmaliza. Kanisani walisema amekufa na siri yake. Presha ilimwanza lini, hakuna aliyeuliza.

Twende taratibu. Mwaka 2009 Tereza alijifungua mapacha wa kike, Kulwa na Doto. Mumewe, Chenge, ni mtu wa Kayenze, huku huku Ilemela, kando ya ziwa. Kwenye ukoo wao, wazazi wa mapacha huchezewa ngoma na kunyunyiziwa dawa. Watoto huvalishwa shanga nyeupe kiunoni. Bila hivyo, mama haingii zizini wala hagusi mbegu. Tereza na mumewe walikataa. Walisema wamebatizwa, na inatosha.

Basi kila kilichoharibika Kayenze kikawa chake. Ndama akifa, ni Tereza. Mvua ikichelewa, ni Tereza. Akienda kusalimia, alikuta kigoda chake kimewekwa nje ya boma. Mama mkwe wake, Bibi Mbuke, aliitikia shikamoo yake huku anaangalia pembeni.

Mwaka 2014 Doto aliugua malaria kali, akalazwa wiki mbili. Alipopona, Tereza aliwaacha watoto wote wawili Kayenze kwa siku nne, ili amalize sare za shule alizoagizwa kushona. Aliporudi kuwachukua, kila mtoto alikuwa na shanga kiunoni. Kabla hajazikata, jirani anayesali nasi aliziona, watoto wakioga uani. Jumapili iliyofuata baraza la wazee wa kanisa likamwita. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari, kwa hiyo nayakumbuka maneno.

Mzee Jonathan aliuliza, "Wewe ndiye uliyewafanyia?"

"Hapana, mzee."

"Basi nani?"

Akanyamaza.

"Mama Kulwa, shanga hazipandi kiunoni zenyewe."

"Ni kweli, mzee," alisema. Hakuongeza.

Akatengwa. Niwaeleze msiosali kwetu: aliyetengwa haimbi kwaya. Anakaa benchi la nyuma, na anatoka nje kabla ya Meza ya Bwana. Akifa hajarudishwa, kanisa halimziki. Njia ya kurudi ni kuungama. Tereza alikataa kuungama jambo ambalo hakulifanya. Akakaa nje miaka kumi na moja. Narudia: miaka kumi na moja.

Sare za kwaya aliendelea kushona yeye, maana hatukupata fundi mwingine wa kiwango chake. Lakini tulizipokea kwa macho ya pembeni. Baadhi ya akina mama walifumua pindo kuangalia kama ameshonea kitu ndani. Nami nilifumua la kwangu. Nilikuta uzi.

Jana jioni msibani, Bibi Mbuke aliomba kusema. Sasa ni mzee sana, anasimama kwa kushikwa.

"Shanga nilifunga mimi," alisema. "Nilikuwa nimebakiza wiki tatu nibatizwe kanisani kwenu. Yesu nilimtaka. Lakini Doto alitoka hospitali amekonda, nikaogopa atakufa. Nikafanya vyote viwili."

Akaegemea aliyemshika, akaendelea.

"Walipomtenga nilimwambia, mwanangu, niende niseme? Akaniambia, mama, ukisema watakuondoa darasa la ubatizo, na hutarudi tena. Batizwa kwanza. Nikabatizwa. Baada ya hapo aibu ikanishika. Kila Jumapili nikija kusali alinishika mkono mpaka kwenye benchi langu. Mimi nakwenda mezani, yeye anatoka nje."

Kulwa, ambaye sasa ana miaka kumi na sita, alidakia. "Nakumbuka. Bibi alipotufunga shanga alitupatia karanga ili tusilie."

Mngedhani yameisha. Nyuma yangu mama mmoja akanong'ona, "Wamepanga hao. Wanataka azikwe na kanisa." Na Mzee Jonathan, kwa upole kabisa, akasema, "Bibi, umri wako mkubwa, na una uchungu. Mtoto wa miaka mitano naye anakumbuka nini? Suala hili ni la baraza."

Chenge, mume wa marehemu, akamjibu bila kuinua sauti. "Mzee, mke wangu alikwambia hapana. Mpaka leo hujalisikia?"

Wasikilizaji wapendwa, mimi namwamini Bibi Mbuke. Ningemwamini Tereza mapema zaidi kama ningemuuliza, na nilikaa naye mtaa mmoja. Ukoo ulimshuku kwa sababu amemfuata Kristo. Sisi tulimshuku kwamba hakumfuata. Kati ya pande hizo mbili alikuwa peke yake, na bado alimshika mkono aliyemweka hapo.

Tunawapa pole Chenge, Kulwa, Doto, Bibi Mbuke na ndugu wote wa Kayenze na Buzuruga. Mungu awape nguvu. Nasi tuliobaki, kila mmoja amfikirie mtu aliyemhukumu kwa sababu tu alinyamaza. Kama yupo hai, aende akamuulize leo.

Maziko ni kesho, Ijumaa, saa nane mchana, Kayenze. Mchungaji amesema atafika kama jirani, bila joho. Baraza la wazee linakaa Jumamosi.