Mikono Yangu Ilifunguliwa Mbele ya Piano

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena kwa sauti, maana leo nimesimama kusema habari ya hii mikono miwili munaona!

Mimi ni Mariamu, muke wa Elia fundi wa mitumbwi, hapa Baraka. Wakati Mademoiselle, mwalimu muzungu wa misheni, alianza kufundisha bamama piano, nilikuwa wa kwanza kuketi. Ndugu zangu, niliteseka! Nilipiga ile piano kama ninatwanga majani ya sombe kwenye kinu. Mabega yalipanda mpaka masikio, mikono ikakauka kama muti. Vidole viwili vya mwisho havikuwa na nguvu hata kidogo. Na mukono wa kushoto! Wa kuume unakimbia, wa kushoto unabaki nyuma. Nikitoka pale nilishindwa hata kufunga kilemba, kwa maumivu.

Pasaka ikafika. Bageni balitoka Kazimia na Ubwari, kanisa likajaa, na mimi nikaketi kuwapigia baimbaji piano. Kwa ubeti wa pili mikono ilikaza, ikakataa. Kwa woga nikaongeza mbio, baimbaji bakapotea. Mutu mumoja akacheka, kisha benchi nzima. Nilitoka nje nikilia, wimbo haujaisha.

Kumbe Mademoiselle alikuwa karibu kurudi kwao Ulaya. Bazee ba kanisa bakasema, kama hakuna wa kupiga, piano itapelekwa misheni ingine. Niliona ni mimi nimeipoteza. Nikaomba: "Bwana, unifungue mikono, ao uniondolee hii hamu!"

Ndugu zangu, Bwana alinijibu kwenye beseni la maji! Dada yangu Esta alikuwa amezaa. Siku ya tatu nilikuwa ninamuogesha mutoto, Mademoiselle akaingia kutusalimia. Akasimama mulangoni, anaangalia mikono yangu.

"Mama Mariamu, huyo mutoto unamukaza?"

"Hapana, Mademoiselle! Nitamuumiza."

"Basi unamulegeza?"

"Ataanguka!"

Akacheka. "Hiyo mikono ndiyo ninatafuta mwaka muzima. Kuja nayo kwenye piano. Ile ya kutwanga ibaki kwenye kinu!"

Esta akanipokonya mutoto. "Dada, enda sasa hivi, kabla mikono haijasahau!"

Nilienda kwenye piano, mikono ingali na maji. Nikashusha mabega, nikapumua. Nikaweka vidole vile nilivyoshika kichwa cha yule mutoto. Sauti iliyotoka sikuijua! Tangu pale, wiki mbili nilipiga mukono wa kushoto peke yake, sauti ya juu ninaiimba kwa kinywa. Kisha miwili pamoja, polepole sana, mpaka Elia akauliza kama tunamusindikiza konokono. Nikikosa, sikurudi mwanzo. Nilirudia palepale, mara kumi, mpaka vidole vikajua njia. Maumivu yakaniacha!

Siku ya kumuaga Mademoiselle nilipiga nyimbo tano. Kwa wa tatu nilikosa noti, ndugu zangu, na nikaendelea! Baimbaji bakaendelea na mimi. Bamama bakapiga vigelegele, na muzee wa kanisa akasimama: "Piano inabaki hapa!" Mademoiselle alinikumbatia, tukalia wote wawili kwa furaha.

Ninamushukuru Bwana. Na wewe ndugu, wewe dada, uliyekaza moyo kwa kuogopa kushindwa mbele ya batu, umutegemee. Anafungua! Na mama yeyote mwenye hamu ya kujifunza, aje kesho. Nitamusogezea kiti.