Maswali Mwishoni

Boti ya wakimbizi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka Kagunga, Marsiana akaona maji ya sakafuni yakiulowesha mkoba wa abiria aliyeketi jirani yake. Jirani alikuwa mwalimu wa stadi za mawasiliano, na mkoba ulijaa karatasi za alama. Wanafunzi wake wa uhandisi walikuwa wamefanyia mtihani kambini Kagunga, kwa kuwaeleza wakimbizi habari za bomba jipya la maji.

"Samahani, mwalimu..."

"Maswali mwishoni, mama." Akaendelea kumsifu Pastory, mwanafunzi wake bora: sauti safi, dakika arobaini bila kukwama.

"Nilikuwepo," alisema Marsiana. "Tulimuuliza kama maji yale tuyachemshe, naye akasema maswali mwishoni. Mpaka anamaliza, watoto walishayanywa. Huyu wangu anaharisha mpaka leo."

"Pole sana. Lakini mhandisi akikatizwa, ujumbe unapotea."

"Ujumbe wenyewe ulikuwa upi?"

"Hilo nalo mwishoni."

Akahubiri mpaka Kigoma. Boti ilipogusa mchanga, akajifuta jasho kwa kuridhika. "Haya mama, swali lako."

"Mwanzoni sikuwa na swali," alisema Marsiana, akimfunga mtoto mgongoni. "Nilitaka kukwambia mkoba wako unaloa tangu Kagunga."