Sura ya Anacleto kwa Kispania

Benchi letu liko Deira, Dubai, nyuma ya ofisi ya mizigo, chini ya mashine ya AC inayotutemea joto la wenzetu walioko ndani. Ni ubao mmoja juu ya makreti, na kila Ijumaa baada ya swala ni mahakama, bunge na hospitali ya vichaa. Khelef, Mzanzibari anayefunga mizigo ofisini humo, ni Birika, kwa kuwa kahawa ni yake. Siraje, Mganda, mlinzi wa duka, ni Kafeel, yaani mdhamini, maana hutoa amri kana kwamba viza zetu katulipia yeye. Jotham, Mkenya, mlinzi wa usiku, ni Diploma, na hiyo diploma hatujaiona. Mimi nashona suruali Satwa, naitwa Cherehani. Wa tano alikuwa Spania. Jina lake Anacleto, kwao Guinea ya Ikweta, ambako watu weusi kama sisi wanazungumza Kispania tangu utotoni. Wiki iliyopita alifia usingizini. Leo jioni sanduku lake linapanda ndege. Mama yake, ambaye ni kipofu, alimtumia Diploma meseji ya sauti kwa Kispania. Mpishi mmoja Mfilipino, anayekisikia kidogo, aliisikiliza mwanzo tu, akamwambia: sanduku halitafunguliwa, mama hataruhusiwa kumpapasa mwanawe uso, kwa hiyo anaomba rafiki zake wamweleze kwa maneno alivyokuwa. Basi tukaketi kumweleza. Hakuna aliyejua Kispania, na tangu lini kutojua kukamzuia mtu wa kijiwe kutoa fatwa?

DIPLOMA: App iko. Nikiandika Kiingereza, inanitolea Spanish. Shida ni niandike nini.

KAFEEL: Andika alikuwa mrefu, mweusi. Khalas.

DIPLOMA: Manze, hiyo ni ya mtu anatafutwa na polisi. Huyu ni mama.

KAFEEL: Sawa ssebo, basi nisikilize mimi. Kispania hakitaki maneno makavu. Mimi tamthilia za Mexico nimeangalia tangu shule, zote. Kule mtu haelezwi bila mvua. Mvua inanyesha kwanza, halafu mwanamume anatokea, shati limelowa, ndiyo unaanza kusema macho yake.

BIRIKA: Mvua? Dubai hii, mwezi wa nane?

KAFEEL: Mama haoni, atajuaje? Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Na yeye gizani yuko tayari.

BIRIKA: Astaghfirullah. Wewe ulimi wako utakuja kukuzika.

KAFEEL: Halafu weka farasi.

MIMI: Farasi wa nini? Yule alikuwa anafuta vioo vya maghorofa.

KAFEEL: Cherehani, nyamaza. Ukieleza mtu kwa Kispania ukasahau farasi, umemtukana. Farasi mweupe, na baba tajiri aliyemkana, na pacha wake mbaya.

DIPLOMA: Pacha sitaandika. Mama si anajua alizaa wangapi?

KAFEEL: Kwenye tamthilia huwa hawajui!

Ningemzaba kibao. Lakini nilimjua Kafeel, akiwa na huzuni husema upuuzi mara mbili ya kawaida, na leo alikuwa amefika kijiweni kabla ya sisi sote.

BIRIKA: Mie n'nakuambieni, mama hataki farasi. Mama anataka kusikia mwanawe kanawiri. Andika kanenepa, mashavu yamejaa, ndevu kazitia mafuta zinang'ara.

MIMI: Kanenepa? Suruali yake nimeipunguza kiuno tena na tena, mpaka mifuko ya nyuma ikakaribia kupigana.

DIPLOMA: Na ndevu gani tena? Hakuwa na ndevu.

BIRIKA: Alikuwa nazo, yakhe.

KAFEEL: Masharubu. Mimi nakumbuka masharubu.

MIMI: Hata masharubu hakuwa nayo.

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, kisha nikatafuta uso wake kichwani mwangu, nikaona suruali. Tulibishana ndevu za marehemu mpaka Mpathani wa duka la jirani akatoka kuangalia nani anapigwa. Mwishoni tukamgeukia Diploma. Ikiwa yupo anayejua, ni yeye. Watu hawa wawili walilala kitanda kimoja. Kwenye nyumba yao ya kampuni kitanda hakipoi: wa mchana akiamka, wa usiku anaingia.

KAFEEL: Diploma, wewe mlilala pamoja miaka miwili. Sema.

DIPLOMA: Hatukulala pamoja. Tulilala zamu. Nikiingia, yeye anatoka, mbio, basi la kampuni linapiga honi. Mimi namjua mgongo.

BIRIKA: Mgongo tu?

DIPLOMA: Mgongo na kisogo. Hata ile asubuhi nilimkuta amegeukia ukuta. Nikadhani amepata off bila kuniambia. Nilikasirika, buda. Nikatandika katoni chini, nikamchezea redio ya simu kwa nguvu ili asifurahie usingizi wake. Saa sita mchana ndiyo nikamshika bega.

AC ilitutemea maji kidogo.

KAFEEL: Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini.

Hata yeye mwenyewe hakuelewa kwa nini aliitoa methali hiyo, akainamia kikombe chake akapuliza.

MIMI: Mimi najua kwamba bega lake la kushoto lilishuka, na goti moja lilimaliza kitambaa haraka kuliko jingine.

BIRIKA: Mie n'najua uzito wake, sanduku nimelipima mwenyewe. Na huo ni pamoja na mbao.

Mtu alikaa nasi Ijumaa zote hizo, mwisho wa benchi, na simu sikioni. Alikuwa na maneno machache ya Kiingereza, na ya kwetu alijua "kahawa" na "pole" tu. Sisi tukabishana mpira na viza, yeye akanong'ona Kispania chake akitutupia jicho mmoja mmoja. Tulijua ni mwanamke. Kafeel alikuwa akimpigia kelele, "Msalimie shemeji!" Naye anatugeukia, anatutazama tena, anaendelea kunong'ona.

Hapo ndipo akaja Teopista. Ni Mganda, anatunza watoto wa familia moja ya Kihispania huko Jumeirah, na lugha kaipata kwa hao watoto. Kumbe Kafeel alikuwa amemwomba kupitia kanisa la dada yake, na madam wake alimpa ruhusa fupi.

TEOPISTA: Shikamoo mzee. Kaka zangu, habari za msiba? Nipeni hiyo meseji niisikie yote.

Aliibana simu sikioni. Ilikuwa ndefu. Katikati alikaa chini, mahali palepale pa Anacleto, bila kujua ni pake. Alipomaliza akairudia, kisha akatutazama kama mtu anayehesabu kuku wa jirani.

TEOPISTA: Nani hapa hupuliza kahawa hata ikiwa imeshapoa?

Kafeel akaweka kikombe chini.

TEOPISTA: Mama anamsalimu. Anamsalimu pia mzee ambaye kofia yake imefifia upande mmoja, upande wa jua, na ambaye hubusu fundo la kamba kila akimaliza kufunga mzigo.

BIRIKA: Mie? Nabusu kamba mie?

MIMI: Unabusu, mzee. Sikuwahi kufikiria, lakini unabusu.

TEOPISTA: Na fundi anayechomeka sindano kwenye kola, akibishana sana inamdunga, anajifanya hajaumia.

Mkono wangu ukaenda kwenye kola. Sindano ilikuwepo.

TEOPISTA: Na yule wa kitanda, anayesahau soksi ndani ya shuka, ambaye akiongea Kiingereza kirefu husimama kwa vidole vya miguu. Anasema hivi: "Macho yangu yalipokufa, mwanangu alinipa yake. Kila Ijumaa alinieleza benchi lenu mpaka nikawaona. Hakuniambia kamwe yeye mwenyewe yukoje sasa. Alipoondoka alikuwa kijana mdogo, na mikono yangu inajua uso wa huyo tu. Ninyi mlikaa naye. Nionyesheni."

Diploma akaifuta app yake kwa kidole gumba, taratibu. Birika akageuka kuutazama ukuta.

TEOPISTA: Madam ananisubiri. Nimebonyeza, inarekodi. Semeni, mimi natafsiri.

Gari la mizigo likapita na kupiga honi. Hakuna aliyesema mvua. Hakuna aliyesema farasi.

DIPLOMA: Mwambie... mwambie kila asubuhi nikiingia nilikuta shuka limekunjuliwa, na mto ameugeuza, upande wa baridi juu. Mimi nilidhani mto ni wa hivyo tu. Tangu Jumatano, walipoleta mwingine, naukuta wa moto.

Teopista akalisema kwa Kispania. Lilitoka fupi. Kidole hakukitoa kwenye simu.

TEOPISTA: Hilo nimesema. Na uso wake?

Birika akainua birika lake atumiminie, apate la kufanya. Likatoa matone mawili, yakaisha. Teopista alitungoja, akitupitia mmoja mmoja kwa macho kutoka mahali pale pa mwisho, na simu ikaendelea kurekodi mashine ya AC.