Fundi Kafedha na Injini ya Silinda Tatu

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Bi. Kafedha Nyale, fundi mkuu wa Shule ya Udereva Taratibu hapa Mishomoroni, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Agosti 2026. Wenzangu wameniomba mimi, Ruwa, mwalimu wa udereva, niandike wasifu wake. Wangeweza kumwomba mwenye kalamu nzuri zaidi, lakini hakuna mwenye deni la shukrani kwake kunishinda.

Kafedha alizaliwa Kaloleni, akasomea ufundi wa magari Changamwe, mwanamke peke yake darasani. Alipofika kwetu mwaka 1999 alikuwa na sanduku la spana lenye kufuli na maneno machache sana. Gereji ilikuwa banda la makuti nyuma ya ofisi. Mpaka leo ni banda la makuti, ila yeye amelifanya mahali ambapo mtu akiingia hatamani kutoka. Jua hupenya kwenye makuti likatua vidoa vidoa juu ya boneti, hewa inanukia oili na chumvi, na injini iliyowashwa inanguruma palepale, taratibu, kama pumzi za mtu aliyelala usingizi mzuri. Wanafunzi wanaosubiri zamu hukaa kwenye benchi na kusinzia. Kafedha naye hufumba macho, ila yeye halali. Ameegemeza ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini uko sikioni, anasikiliza.

Gari alilolisikiliza zaidi ni lile letu dogo jeupe. Injini yake ni ya petroli, ujazo wa sisi (cc) 998, silinda tatu, valvu kumi na mbili, nguvu za farasi sitini na nane. Vijana wakiambiwa hivyo hucheka. Kafedha hawakatazi. Huwaambia tu kwamba injini ndogo hudumu kwa kuwa haijidai: haibebi uzito isioumudu, valvu zake huendeshwa na cheni badala ya mkanda, na vitu vya kuharibika ndani yake ni vichache. Inachotaka ni kutosahauliwa.

Yeye hakuisahau. Kitabu cha gari kinasema oili ibadilishwe kila kilomita elfu kumi. Kafedha alibadilisha kila elfu tano, kwa sababu gari la wanafunzi huzimika na kuwashwa mara arubaini kwa siku. Chujio la hewa alilitoa kila mwezi kulipuliza, maana vumbi la machimbo ya Bamburi halimhurumii mtu. Maji ya rejeta aliyatazama kila asubuhi, injini ikiwa baridi, kabla hajanywa chai.

Sasa nifike kwenye deni langu. Juni 2014 nilikuwa barabara ya Kiembeni na mwanafunzi aitwaye Linda, saa sita mchana. Niliuona mshale wa joto ukipanda ghafla, nikamwambia Linda aegeshe. Lakini tayari tulikuwa tumechelewa. Mvuke ulitoka chini ya boneti, na gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kifuniko chake cha juu, ilikuwa imeungua.

Mkurugenzi wetu, Bwana Tsofa, hakuniamini.

“Geji iko mbele ya macho yako, Ruwa. Uliendelea tu?”

“Nilisimama pale pale, bwana.”

“Injini haiungui kwa kusimama.”

Aliniambia nirudi Jumatatu kuchukua barua yangu. Sikuhitaji kuuliza barua gani. Nilikuwa na watoto wawili shuleni, na jina la mwalimu aliyeunguza injini husambaa Kisauni nzima kwa siku moja.

Jumatatu nilikuwa nimekaa mbele ya meza ya Bwana Tsofa wakati mlango ulipogongwa. Kafedha aliingia na ovaroli yake, akafungua kiganja juu ya meza. Kulikuwa na klipu ya paipu ya maji.

“Mwalimu hana kosa, Bwana Tsofa. Hii niliifunga mimi siku moja kabla. Sikuikaza. Paipu ilichomoka, maji yakamwagika yote.”

“Unajua unachokisema, Kafedha?”

“Najua.”

Mwezi ule ndio Kafedha alikuwa apewe cheo cha fundi mkuu, na sote tulijua. Klipu hiyo iliyolegea aliiona yeye peke yake. Angeikaza na bisibisi kwa sekunde tano asimwambie mtu, na leo ningekuwa nafanya kazi nyingine. Mimi nilirudishiwa gari. Yeye alipewa barua ya onyo, na cheo chake kikangoja miaka miwili.

Injini aliifungua mwenyewe. Hedi ikapelekwa Changamwe kusawazishwa, ikarudi, akaweka gasketi mpya na kukaza boliti kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, akihesabu kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto. Nilimshikia tochi. Nikamuuliza kwa nini alisema.

“Ningenyamaza,” alinijibu, “ningekuwa naisikia klipu ile kila injini inapowaka. Na mimi kazi yangu ni kusikiliza.”

Toka siku hiyo hedi haijafunguliwa tena. Gari lina kilomita laki tatu na elfu themanini na sita, na kila asubuhi linawaka mara moja.

Jambo moja wengi hawalijui. Fundi wetu hana leseni. Miaka yote hii amelisogeza gari uani, mbele na nyuma, lakini getini hakutoka. Alisema injini haimtishi, watu wa barabarani ndio wanamtisha. Mwezi uliopita alikuja na fomu ya kujiandikisha, ameijaza kwa mwandiko safi, akaniuliza kama nina nafasi ya mwanafunzi mzee.

Tunatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barabara ingali tupu na umande uko juu ya majani. Siku ya kwanza alizimisha gari mara tatu getini, na gereji nzima ikacheka, naye pia. Juzi tulifika Bamburi na kurudi. Aliendesha kimya, mikono yote miwili kwenye usukani, akitabasamu kwa kitu ambacho mimi sikukisikia.

Dada Kafedha, kwa magari uliyoyaponya na watu uliowaokoa, sisi sote wa Taratibu tunakushukuru kwa moyo mmoja. Pumzika vyema, uwe na afya na siku ndefu za utulivu. Mtihani wako ni tarehe kumi na nne Septemba. Kesho saa kumi na mbili na nusu nitakuwa getini, usichelewe.