Maulida Hamza na Kadi Iliyosema Choo

Bi. Maulida Hamza anastaafu Alhamisi tarehe 31 Julai 2025, akiwa ameitumikia kampuni yetu ya Twalha na Wanawe, Bagamoyo, kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Muda wote huo, ukitoa miezi kumi na minne ambayo nitaieleza, alikaa kiti cha mapokezi na kupokea simu.

Kwa mgeni atakayeokota kijarida hiki ukumbini bila kutufahamu: sisi ni watu wa magari ya kunyonya majitaka. Choo chako kikijaa, tunakuja. Sentensi hiyo fupi iliwashinda wakubwa wetu kuiandika kwenye kadi ya biashara. Aliyeiandika ni mtu wa mapokezi, na aliadhibiwa kwa kuiandika.

Maulida alitoka Pangani mwaka 1994, akakuta ofisi yenye simu moja, gari moja na daftari lisilo na jalada. Alijifunza kazi kwa kuwasikiliza wapigaji. Aliyefoka kwamba choo chake kimefurika alikuwa na uwezo wa kusubiri hadi mchana. Aliyesema kwa upole kwamba kimejaa kidogo tu, huyo Maulida alimpelekea gari kwanza, na dereva wetu Seleman alirudi kila mara akisema, "Dada, umejuaje? Tumekuta watu wamepanda juu ya viti."

Mwaka 2013 Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Mzee Mahmoud Twalha, alianza kuionea aibu kazi iliyomsomeshea watoto. Alileta mshauri kutoka Dar, kijana mwenye viatu vya ncha ambaye alikaa nasi siku mbili na hakukanyaga uani kwenye magari hata mara moja. Mshauri akatutengenezea kadi.

Nimeihifadhi moja, nitaeleza ilivyo. Ni ya bluu iliyokoza, na maandishi yake ni ya dhahabu, yamejikunja kama ya mwaliko wa harusi. Katikati pana viganja viwili vimeshika jani. Jina la Mkurugenzi limetanguliwa na vyeo vitatu, kimoja hatujawahi kujua alikipata wapi. Chini yake: "Suluhisho Jumuishi la Mazingira Endelevu." Kuna kaulimbiu ya Kiingereza ambayo Mzee mwenyewe hakuwahi kuisoma mara mbili kwa namna moja. Namba za simu ni tano, mbili zilikuwa zimeshafungwa, na zote ni ndogo kama sisimizi. Neno choo halimo. Gari halimo. Bagamoyo pia haimo.

Zilichapwa kadi elfu mbili. Mzee alizigawa misibani, harusini na kwenye foleni ya benki.

Simu zikaanza kuja. Mkulima wa Kiwangwa alitaka miche ya mikorosho. Mwalimu wa Lugoba aliomba mtaalamu wa kuzungumza na wanafunzi kuhusu misitu. Mama mmoja aliuliza kama tunapamba kumbi, kwa sababu kadi yetu ni nzuri. Maulida aliziandika zote kwenye daftari, jina na ombi. Katika miezi miwili simu zilizotokana na kadi zilikuwa arobaini na moja. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na shida ya choo.

Pengine jambo lingeishia kuwa kichekesho cha ofisini kama si Mama Tekla wa Zinga, mwenye nyumba ya wageni na ukumbi. Jumamosi moja alikodisha ukumbi kwa harusi. Saa saba mchana chemba ya mlangoni ikafumuka, maji yakaenea njia nzima ya kuingilia. Alipiga simu Dar. Gari lilifika bibi harusi akiwa ameshabebwa na kaka zake wawili kuvushwa, na wakweze wakiwa wameondoka.

Jumatatu Mama Tekla alipita mbele ya ofisi yetu, akaliona gari letu limeegeshwa na mpira wake umening'inia. Akaingia.

"Hili gari ni la nani?"

"Letu, mama. Karibu," Maulida alijibu.

"La kunyonya?"

"Ndiyo, mama."

Mama Tekla akafungua mkoba, akatoa kadi ya bluu na kuiweka juu ya meza. "Hii nilipewa na bosi wenu kwa mkono wake. Imekaa ukutani kwangu wiki tatu, hatua mbili kutoka kwenye simu. Mimi nilijua mnapanda miti." Akaanza kulia pale pale mapokezi, mtu mzima, kwa sababu familia ile ilikuwa imemtangaza Zinga nzima kuwa ni mchafu.

Maulida alimpa maji ya kunywa. Kisha akachukua kadi na daftari, akaingia kwa Mkurugenzi. Mlango ulikuwa wazi, nasi wengine tulisikia.

"Shikamoo Mzee. Naomba kadi ibadilishwe. Iseme tunanyonya vyoo."

"Marahaba. Neno choo liwe kwenye kadi yangu? Halafu nimpe mkuu wa wilaya?"

"Mkuu wa wilaya choo chake kikijaa, atatafuta neno gani humu?"

"Maulida, wewe pokea simu."

"Ndizo nilizopokea, Mzee. Hizi hapa, arobaini na moja."

Hakulifungua daftari. Alimwambia atoke na afunge mlango.

Akaitengeneza mwenyewe. Kwanza alichonga muhuri na kugonga nyuma ya kadi za bluu zilizobaki, lakini zilikuwa zinang'aa mno, wino haukushika, na Seleman alirudi kutoka kazini vidole vimechafuka na wateja wamebaki na madoa. Akahamia kwenye karatasi ngumu nyeupe isiyong'aa. Mstari wa kwanza, kwa herufi nene: TUNANYONYA VYOO NA MASHIMO YA MAJITAKA. Wa pili, namba moja ya simu, ile aliyoipokea yeye, kubwa na iliyogawanywa tatu tatu ili mtu aweze kumsomea mwenzake. Wa tatu: Bagamoyo, Zinga, Kiwangwa hadi Lugoba. Wa nne: Ukipiga asubuhi tunafika leo. Nyuma aliacha peupe, ila maneno "Tulinyonya tarehe" na nafasi ya dereva kuandika kwa kalamu, ili mteja asilazimike kukumbuka.

Hakuita mshauri kuipima. Alimpa Seleman, siku ambayo alikuwa amesahau miwani nyumbani, akamwambia asimame mlangoni na kusoma. Aliposhindwa kusoma namba, Maulida aliikuza. Hiyo ndiyo elimu yote ya kadi, na kijana wa viatu vya ncha hakuwa nayo.

Madereva waliigawa kimyakimya. Mwezi haukwisha, kadi moja ikamfikia Mzee Mahmoud kwenye khitma, ambako shemeji yake aliisoma kwa sauti mbele ya watu na watu wakacheka. Mzee alirudi ofisini amevimba. Maulida akapewa barua ya onyo kali kwa "kudhalilisha hadhi ya kampuni", akaondolewa kwenye simu na kupelekwa stoo kupanga glavu na mabuti. Hiyo ndiyo miezi kumi na minne.

Kadi hazikuenda stoo pamoja naye. Zilikuwa zimeshabandikwa majikoni, kwenye milango ya vyoo vya mashule na nyuma ya kaunta za nyumba za wageni, ya Mama Tekla ikiwa ya kwanza. Simu ililia hadi kampuni ikaongeza gari la pili. Kwenye sherehe ya kulizindua, Mzee alimshukuru mshauri kwa kadi iliyoleta mafanikio. Tulipiga makofi. Maulida alikuwa safu ya nyuma na soda mkononi, na hakuna hata mmoja wetu aliyegeuka kumtazama.

Alirudi kwenye simu pale tu Bi. Nadhira, binti wa Mzee, alipoanza kuendesha ofisi. Siku hiyo hiyo aliagiza kadi ya Maulida ichapwe bila kubadilisha nukta. Ndiyo tunayoitumia hadi leo. Ni Bi. Nadhira pia aliyeniagiza kuandika wasifu huu, akasema nisimpake mtu mafuta, hata baba yake.

Basi na mimi nisijipake. Ile barua ya onyo niliichapa mimi. Nilijua ni uonevu, nikasahihisha tahajia, nikaipeleka isainiwe. Kwa miaka kumi na moja nimempita kila asubuhi, kwanza stoo kisha mapokezi, nikamsalimia, na sikusema. Ijumaa iliyopita nilimwambia.

"Nilijua siku ile ile, Adrian," alisema. "Mzee hajui hata kuwasha kompyuta. Nilikuwa nasubiri uje. Sikudhani utangoja mpaka nistaafu."

Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Dada Maulida, kampuni nzima inakushukuru, pamoja na wale waliopiga makofi vibaya. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, watu wema wa kukuzunguka huko Pangani, na mchana mrefu usiokatizwa na mtu. Samahani uliyokuwa ukinidai miaka yote hii, nimeichapa hapa, na mara hii nimetia sahihi mwenyewe.

Adrian Pantaleo
Ofisi ya Utumishi