Nusu ya Neno la Daktari

Kijiwe cha Kangemi, nyuma ya soko, ni ubao mmoja juu ya mawe mawili, birika la Munyiva muuza kahawa, na wanaume wanaojua kila kitu. Asubuhi hiyo ya mwaka 2006 Muthama alifika wa kwanza. Wamembandika jina Hakimu kwa kuwa kesi zote za pale huzikata yeye. Lakini leo alikuwa na kesi yake, na aibu ilikuwa imemwandama tangu jana, alipompigia shemeji yake simu aje amchukue Kalekye. Mkewe huyo wa pili alikuwa amepatikana na kansa ya mlango wa kizazi, bado changa, na daktari kasema inatibika. Muthama akaona heri arudi kwao Kitui, kama alivyomrudisha Wavinya, mke wa kwanza, aliyeugua hiyo hiyo akafia kwao. Ya Kalekye wenzake hawakuyajua.

— Hii kansa ya wamama imezidi, alisema Wachira. Huyu huuza magazeti makuukuu ya kufungia nyama, ndiyo maana anaitwa Gazeti.

— Imeandikwa hapa, aliongeza akionyesha ukurasa.

— Hiyo ni ya lini? aliuliza Ogutu, fundi wa baiskeli, maarufu kama Spana.

— Ya juzi tu. Elfu mbili na tatu.

— Sikia, Gazeti. Inaletwa na kukalia mawe baridi. Baridi inapanda pole pole. Wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Wacha hizo. Ni mafuta ya kupikia. Umewahi kusikia mama wa Kitisuru, kule kwa matajiri, akiugua?

— Utasikia aje na geti ni futi kumi? alisema Munyiva akimimina.

— Basi ni ile booster, ule mnara wa simu. Tangu waiweke, hata kuku yangu haitagi.

— Spana, Hakimu alishakata hii kesi kitambo. Ni damu. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kina marehemu Wavinya si walikuwa nayo wote? Mama, shangazi...

— Shangazi peke yake, alisema Muthama kwa sauti ndogo.

Mama aliongezwa na Muthama mwenyewe, miaka mitano iliyopita, na mama huyo hadi leo analima shamba lake. Daktari wa wakati ule alikuwa amemweleza mambo mawili. Kwanza, kansa hiyo huanzia kwa kirusi ambacho mwanamume humletea mke bila yeye mwenyewe kusikia chochote. Si dhambi, karibu kila mtu hukutana nacho. Pili, miili mingi hukifukuza, ila mingine hushindwa, na pengine mtu huzaliwa na udhaifu huo wa ukoo. Muthama alibeba la pili akaliacha la kwanza mlangoni pa kliniki. Kijiwe kizima kilimpa pole, na yeye akazipokea.

Ndipo Mwangangi, kakake Kalekye, akatokea upande wa soko na vumbi la safari viatuni.

— Wazee, habari za asubuhi.

— Nzuri. Karibu kahawa, shemeji, alisema Muthama bila kuinua macho.

Mwangangi aliketi, akapokea kikombe.

— Shemeji, nisaidie neno moja nimpelekee mama. Ya Wavinya ulituambia ni damu ya kwao. Sisi kwetu tumeulizana mpaka kwa nyanya, hakuna. Hao wawili hawakujuana, hata hawakuchota maji mto mmoja. Sasa hii ya Kalekye imetoka wapi?

Gazeti alirudi kwenye gazeti lake. Spana akaanza kutafuta kitu mfukoni. Hakuna aliyemtazama Muthama, na hapo akajua wote wameelewa.

— Kahawa imeisha, alisema Munyiva, akafunika birika lililokuwa bado linafuka.

Muthama aliona haya mpaka masikio yakamwasha.

— Ni kwangu, alisema. Daktari aliniambia tangu ya Wavinya. Nikawaficha. Nikamsingizia mpaka mama yake.

Mwangangi alikunywa kahawa yake mpaka mashapo.

— Nimeomba ruhusa ya siku moja kazini, alisema. Nimchukue au nimwache?

— Mwache. Kliniki ni saa nne. Nitampeleka mimi.

— Yeye anataka kwenda na wewe?

Muthama aliinuka aende nyumbani. Hakuwa amemuuliza.