Mwalimu Nukta na Wimbo Ambao Hakuna Aliyewahi Kuusikia

Ndugu waombolezaji, dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Nukta, alizaliwa tarehe 14 Machi 1965, nyumbani kwa mkunga nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa pili wa fundi saa na mshona nguo, akasoma shule ya msingi mtaani hapo hapo, kisha chuo cha ualimu alikohitimu mwaka 1986, akaanza kufundisha muziki katika shule aliyoitumikia hadi mwisho.

Tarehe 7 Desemba 1991 alifunga ndoa na seremala, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa watoto watatu, na jikoni kwao hata kitunguu kilikatwa kwa nota, kizima, nusu, robo, hadi shemeji akalalamika, "Mke wangu, mboga inaungua, wewe unahesabu mapigo!"

Jina la Nukta alilipata darasani, kwa kuwa watoto waliozoea kwamba msomaji akifika kwenye nukta hutua, walipoiona ubavuni mwa nota walikata sauti ghafla kama waliofumaniwa, naye akawaeleza, mwaka hadi mwaka, kwamba nukta ya kitabu hufunga, ya muziki huongeza nusu ya urefu wa nota yenyewe, hivyo nota nusu, yenye mapigo mawili, hushikwa matatu.

Aliugua koo Agosti 2022, sauti ikamtoka kabisa, ndipo hofu ikamwingia kwamba wanafunzi wake hawasomi nota, wanaifuata sauti yake tu kama vifaranga, basi alipolazwa hospitali siku zake za mwisho akatunga wimbo mfupi ambao hakuna aliyewahi kuusikia, akawapa karatasi pale wodini, wakaimba, wakafika kwenye nota ya mwisho, nota nusu yenye nukta, wengine wakakata, wengine wakashika, wakazozana, "We, tua!" "Nitue nini, huu ni muziki!", naye akang'ang'ania shuka, asiweze kuwaamulia.

Alifariki asubuhi ya tarehe 6 Mei 2024, kabla hawajarudi kujaribu tena.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia kwaya wodini, majirani waliotubeba, na walimu wenzake walioshika vipindi vyake.

Sasa wanafunzi wake watauimba wimbo ule bila wa kuwaongoza, na jana mazoezini bado walibishana, kwa hiyo tunawasihi msiharakishe kusema amina, hata sauti zikitetemeka, waacheni walifikie pigo la tatu wenyewe.

Dada, pumzika kwa amani, tunahesabu.